Kapsuli ilivyotangulia maji: kisa cha mtoto wa miezi 13

Hiki kisa nakiandika nikiwa na aibu kidogo maana kosa la kwanza nililifanya mimi, na mi ndo mfamasia wa ukoo, mtoto yeyote akikohoa simu inaita kwangu. Wifi kakubali niandike, majina nimeacha.

Jumanne usiku kama saa tatu wifi kanipigia. Binti yake wa miezi 13 katapika mara mbili alafu kaanza kuharisha, choo cha majimaji, cha njano, hakina damu, joto la mwili kawaida. Mi nilikuwa katikati ya kazi, simu nimeibana begani, nikamjibu kama mtu anayetaja vitu vya kununua: "Wifi usihofu, mpe probayotiki itamtuliza tumbo, alafu chukua na ORS na zinki, mnyonyeshe ka kawaida, kesho tuongee." Nikakata.

Hebu isome hiyo sentensi yangu tena. Probayotiki, yaani kapsuli ya bakteria wa kusaidia tumbo, iko mwanzo na nimeshaisifia kwamba itatuliza tumbo. ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na zinki zimefuata nyuma ya "alafu", sijasema zinafanya kazi gani wala zinapewaje. Mama mwenye mtoto anayeharisha usiku anashika kitu cha kwanza alichosikia, vingine anaviona vya nyongeza tu, na mi nilijua hilo kabisa kwa sababu kila siku naliona dirishani kwa wateja, ila ndo hivo.

Jumatano sikupiga. Kumbe siku hiyo aliharisha mara saba. Alhamisi mchana wifi ndo kanitafuta yeye, "Wifi mbona haikati? Probayotiki nshampa mbili." Nikamuuliza ORS vipi. "Ile anaikataa, anaisukuma na mkono kabisa, nimeiacha." Na zinki? Hakuipata, akasema atatafuta. Hapo mwili ukanisisimka, nikaaga kazini nikaenda.

Nilimkuta mtoto mapajani kwa mama yake, analialia, hataki kushikwa hataki kuachwa, na analia bila machozi ya maana. Nikamuuliza wifi kama anaona mtoto yuko kawaida usoni, akaniambia "macho yake sio haya, yameingia ndani." Hilo swali huwa naliuliza kila mara kwa sababu macho ya mtoto mgeni kwako huwezi kuyapimia, kuna watoto wamezaliwa na macho ya ndani, mama ndo anajua. Nikabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kati ya kitovu na ubavu, nikaachia, ikarudi polepole, haikuruka mara moja ila haikufika sekunde 2. Nikampa maji kidogo ya kawaida kwenye kikombe. Alikidaka kwa mikono yote miwili, nilipokitoa akapiga yowe. Nepi yenye mkojo wa kueleweka mara ya mwisho ilikuwa asubuhi.

Kwa vigezo vya WHO, shirika la afya duniani, dalili mbili tu kati ya hizo, yaani kusumbuka, macho kuzama, kiu kali ya kudaka kikombe, ngozi kurudi taratibu, zinatosha kusema mtoto ana upungufu wa maji wa kiasi, na huyu alikuwa nazo zote nne. Angekuwa amelegea, haamki vizuri, hawezi hata kunywa, ngozi inachukua sekunde 2 na kuendelea, hiyo ingekuwa hali kali na hapo ni dripu haraka. Tofauti ya hatua hizo mbili kwa mtoto mdogo inaweza kuwa masaa machache tu.

Sasa ile ORS iliyokataliwa. Ilikuwa bado ipo, kwenye kikombe kikubwa cha plastiki kimefunikwa na kisahani, imekaa tangu jana. Nikaonja. Jamani. Chumvi tupu! Nikamuuliza wifi alichanganya na maji kiasi gani, akaninyooshea kidole hicho hicho kikombe, "kwani mtoto mwenyewe mdogo hivi, lita nzima ataimaliza lini?" Tukakipima, kinaingia mililita 300 hivi. Pakiti ni ya lita 1.

Kwa hiyo mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa na akili kuliko sisi wote wawili. ORS ya sasa, ile fomula ya mwaka 2002, ikichanganywa sawasawa ina sodiamu milimoli 75 na glukosi 75 kwa lita, jumla ya vitu vilivyoyeyuka ni 245, chini kidogo ya damu yenyewe, ndo maana maji yanapenya kwenda mwilini kirahisi. Ikichanganywa sawa haipiti chumvi ya machozi. Ukiibana kwenye mililita 300 sodiamu inafika 250 na ule ujumla unapita 800, hapo utumbo badala ya kunyonya maji unayavuta kutoka mwilini kwenda tumboni, kuharisha kunaongezeka na chumvi ya kwenye damu inaweza kupanda mpaka mtoto akapata degedege. Bahati alikuwa ameonja vijiko viwili vitatu tu. Nikaimwaga.

Hatukubaki nyumbani. Mtoto mwenye dalili zile inabidi aangaliwe na watu wanaoweza kumuwekea dripu akibadilika, tukaenda kliniki. Mzani ukasoma kilo 9.0, kadi yake ya wiki mbili nyuma ilikuwa 9.5, yaani nusu kilo imetoka, kama asilimia 5 ya uzito wake na karibu yote ni maji. Daktari aliyekuwepo zamu alikuwa mtulivu sana, kauliza damu kwenye choo, kauliza homa, kagusa utosi, alafu akasema antibayotiki hakuna hapa, haina kazi. Wifi alinitazama kama vile tumedhulumiwa. Lakini daktari alikuwa sahihi kabisa, kuharisha kwa watoto wa umri huu mara nyingi ni virusi, na antibayotiki inabaki kwa choo cha damu, kipindupindu na hali chache zingine. Hata dawa za kufunga choo za watu wazima hakuna kumpa mtoto wa hivi, zinaweza kulaza utumbo uchafu ukabaki ndani.

Akaandika ORS mililita 75 kwa kila kilo, kwa masaa 4. Kilo 9 mara 75 ni 675. Wifi alivosikia mililita 675 akasema haiwezekani, huyu huyu aliyekataa vijiko vitatu? Nesi akaleta lita imechanganywa vizuri na kijiko cha chai, akamwambia, "Mama, usimpe kikombe, mpe kijiko kimoja, hesabu dakika mbili, mpe kingine." Kijiko cha chai ni mililita 5, kila dakika 2 kwa saa inakuwa 150, masaa 4 ni 600, tayari umekaribia. Saa ya kwanza alitapika mara moja. Nesi akasema tulieni dakika 10, alafu tukaanza upya taratibu zaidi. Saa ya pili mtoto akawa anafungua mdomo mwenyewe kabla kijiko hakijafika. Saa ya tatu tukaongeza kasi, na saa ya nne kakojoa, akatulowesha mimi na nesi, hakuna aliyekasirika.

Tulirudi nyumbani saa mbili usiku na pakiti za ORS, maelekezo ya kumpa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kunyonya na kula kuendelee, na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10. Zinki ya kwanza aliitapika, ya pili ikakaa. (Kuna utafiti wa 2020, watoto 4,500 wa Tanzania na India, walipewa miligramu 5, 10 au 20, na dozi ndogo hazikuwa mbaya kuliko kubwa ila kutapika kulipungua, kwa hiyo kutapika zinki sio jambo la kushtua.) Ijumaa choo mara tano, Jumamosi mara tatu, Jumapili asubuhi mara moja na kimeshikana. Na Jumapili hiyo hiyo wifi kanitumia ujumbe: "Wifi ile probayotiki yako kiboko, imekata kabisa."

Huo ujumbe ndo sababu ya kuandika yote haya.

Tuanze na hiyo kapsuli yenyewe. Nilikuwa nimeomba kuiona boksi. Mbele imeandikwa bakteria bilioni 2, aina tano, kwa afya ya tumbo. Nyuma kuna majina ya jenasi na spishi, hakuna herufi wala namba za aina mahsusi, na hizo bilioni 2 zimehesabiwa siku ya kutengenezwa, sio siku ya kuisha muda. Wengi hawajui hizo herufi ndo kila kitu. Lactobacillus rhamnosus ni kama jina la ukoo, ukiliita uwanjani watageuka hamsini. GG ndo mtu mwenyewe, yule aliyepatikana miaka ya 1980 na watafiti Gorbach na Goldin, GG ni herufi za majina yao. Utafiti uliofanywa kwa GG haumhusu binamu yake aliyeko kwenye boksi lingine. Tafsiri ya FAO na WHO ya mwaka 2001 inasema probayotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha vinampa faida ya kiafya aliyevipokea. Hai, kiasi cha kutosha, faida. Boksi la wifi lilikuwa halijanithibitishia hata kimoja.

Na hilo la hai lina hadithi yake. Nilimuuliza alimpaje. Alifungua kapsuli akamwaga ule unga kwenye maziwa yakiwa ya moto kabisa "ili uyeyuke vizuri", alafu akayaacha yapoe ndo akampa. Sasa bakteria hawa wa laktiki wengi wao moto wa kuunguza ulimi hawauvumilii, kwa hiyo Jumatano na Alhamisi kuna uwezekano mkubwa mtoto alikunywa maiti za bakteria kwenye maziwa. Ijumaa na Jumamosi alimpa kwenye maziwa ya uvuguvugu baada ya mimi kumwambia. Nilimruhusu kuendelea, sikuona sababu ya kugombana, mtoto alikuwa na kinga nzuri na hakuwa njiti.

Je ilisaidia? Miaka kumi na kitu iliyopita ningesema ndio bila kusita. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, ya mwaka 2010 yalikusanya tafiti 63 zenye watu 8,014 yakaona kuharisha kunafupika kwa karibu siku nzima, masaa 25 hivi. Sisi wengi tulisomeshwa hivo na ndo maana usiku ule neno lilinitoka mdomoni lenyewe. Alafu ikaja 2018, tafiti mbili kubwa kwa wakati mmoja. Ya Marekani, vituo 10 vya dharura, watoto 971 wa miezi 3 hadi miaka 4, nusu wakapewa huyo huyo GG, bilioni 10 mara mbili kwa siku kwa siku 5, nusu wakapewa plasibo, unga usio na kitu, na hakuna aliyejua nani kapewa nini. Waliopata ugonjwa wa kiwango cha kati au kali ndani ya siku 14: asilimia 11.8 kwa waliopewa bakteria, 12.6 kwa plasibo. Kuharisha kuliendelea masaa 49.7 upande mmoja na 50.9 upande wa pili. Tofauti ya saa moja na dakika kumi hivi, hata wifi hawezi kuiona kwenye nepi. Ya Kanada, watoto 886, mchanganyiko wa bakteria wawili tofauti, ikatoa asilimia 26.1 dhidi ya 24.7, yaani hakuna tofauti, na ukiangalia namba tu plasibo ndo ilikuwa mbele kidogo.

Cochrane wakarudia mapitio mwaka 2020, safari hii tafiti 82 na watu 12,127, na walipoziangalia zile zilizofanywa kwa umakini zaidi wakaona probayotiki pengine haina tofauti kubwa, au haina kabisa, kwa idadi ya wanaoharisha masaa 48 au zaidi. Huo mpasuko kati ya 2010 na 2020 kwangu sio siri kubwa: tafiti nyingi za zamani zilikuwa ndogo, kila moja inahesabu mwisho wa kuharisha kwa namna yake, na iliyotoa jibu zuri inachapishwa kirahisi kuliko iliyotoa sifuri.

Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani, AGA, mwaka 2020 kilipendekeza watoto wa kule wenye kuharisha kwa ghafla wasipewe. Wenzao wa Ulaya, ESPGHAN, mwaka 2023 wakaacha mlango wazi nusu: aina chache tu zilizotajwa kwa jina kamili, kama GG kuanzia bilioni 10 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, au Saccharomyces boulardii, na hata hizo kwa sauti ya chini, "unaweza kufikiria", wakati ule mchanganyiko wa Kanada wakasema usitumike. Huyo boulardii ni ndugu wa damu wa hamira ya mikate, ni fangasi sio bakteria, kwa hiyo antibayotiki haimuui. Lakini kwa mgonjwa mahututi, mwenye kinga dhaifu au mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu anaweza kuingia kwenye damu akawa ugonjwa mwingine. Na kwa njiti mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu probayotiki baada ya kifo cha kichanga. Kwa hiyo lile neno tunalolipenda, "haina madhara", lina mipaka yake.

Nikirudi kwa mtoto wetu. Kuharisha kulianza Jumanne usiku kukaisha Jumapili asubuhi, siku nne na nusu. Kuharisha kwa ghafla kwa mtoto kwa kawaida kunachukua siku 5 hadi 7 na karibu wote wanakuwa wamepona ndani ya wiki mbili, wamepewa kitu au hawajapewa. Dawa yoyote utakayoanza siku ya pili au ya tatu, hata ungempa unga wa chaki, itaonekana imefanya kazi siku ya tano. Siwezi kumuapia wifi kwamba kapsuli haikufanya chochote, mtoto mmoja hawezi kuthibitisha upande wowote. Ninachojua ni kwamba siku mbili kapsuli ilikuwa imetolewa kwa uaminifu wote na mtoto akawa anaelekea kukauka, na masaa manne ya kijiko yakamrudisha.

Ndo kinachoniuma kwenye probayotiki, kuliko hata hela ya mtu inayopotea: inakaa kwenye kiti cha ORS. Kapsuli iko kwenye boksi zuri, inatolewa mara moja kwa siku, mtoto haikatai, mama anajiona ametibu. ORS ni kazi, ni kuhesabu dakika, ni kutapikiwa, na haikati choo, choo kinaendelea vile vile na mzazi anaona dawa imeshindwa. Lakini kinachoua mtoto ni maji yanayotoka, choo chenyewe mwili utakimaliza. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimlango kinachopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na maji yanafuata nyuma, na hicho kimlango kinaendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Basi, ujanja wote ni huo. Mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi wa vita ya Bangladesh, Bongaon upande wa India, dripu zilipoisha daktari Dilip Mahalanabis alianza kuwapa wagonjwa wa kipindupindu chumvi na sukari kwenye maji, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Hakuna kapsuli ya bakteria yenye historia ya kukaribia hiyo.

Sikumjibu wifi Jumapili ile kwa namba zote hizi, angenizimia simu. Nilimpigia jioni nikamwambia tu kwamba usiku ule mi ndo nilianza na kitu cha mwisho, na ile ORS alikosea kwa sababu sikumwambia lita. Akanyamaza kidogo alafu akacheka, "Kumbe ungesema tu maji kwanza."

Wiki tatu baadaye mtoto wa jirani yake kaanza kuharisha, wifi kanipigia kunitaarifu tu, hakuomba ushauri. Nyuma ya simu nilimsikia anamwambia yule mama mwenzie kwa sauti ya ukali, "Lita nzima! Sio kikombe, lita! Onja kwanza wewe mwenyewe." Kapsuli 6 zilizobaki bado ziko kwenye droo yake, amekataa kuzitupa.